Kinyonga na Mgeni wa Usangu

(Ikuti, Rungwe. Kinyonga wa pembe tatu yuko kwenye ua kando ya shamba la chai. Chura mkubwa ameteremka kwenye lori la mchele.)

CHURA: Shikamoo mzee.

KINYONGA: Marahaba. (Jicho moja kwa mgeni, jingine barabarani.) Unamtafuta nani?

CHURA: Watafiti wa vyura na nyoka. Nasikia huku hawakauki.

KINYONGA: Tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1900 Tornier wa makumbusho ya Berlin alinipa jina la Fülleborn, daktari wa jeshi lao. Sikuulizwa. Baadaye akaja Loveridge wa Harvard. Mwaka 1932 kichura kimoja cha hapa kikapata jina la Rungwe, na nduguze wakapata chupa za spiriti.

CHURA: Angalau mna anwani. Sisi wa nyika wanatuandika "hawapo".

KINYONGA: Basi labda hampo.

CHURA: Mzee, si niko mbele yako! Wanakuja Agosti, njia zimekauka. Wanafukia ndoo mpaka mdomo, wanasimamisha ukuta wa nailoni ili anayepita atumbukie. Nani apite? Mimi niko chini ya udongo, nimejifunika ngozi yangu iliyobambuka, nasubiri mvua. Usiku wanatembea na tochi juu ya kichwa changu. Wanapata mijusi kafiri wawili na nyoka aliyepotea njia, wanafunga mizigo.

KINYONGA: Na mvua zikianza?

CHURA: Hapo nyika nzima inalia! Madume tunang'atana, mayai yamejaa madimbwini, watoto wanashindana na jua kabla maji hayajakauka. Shughuli ya wiki chache tu. Ila siku hizo gari lao limezama kwenye tope, hata halijatufikia.

KINYONGA: Ramani yao nimeiona. Nukta za vyura zimejipanga kando ya lami kama abiria wa daladala.

CHURA: Ile ni ramani ya vyura au ya TANROADS?

KINYONGA: Usiitamani sana. Wenzangu walijulikana mpaka wakatiwa kwenye makasha, wakaenda kufugwa sebuleni kwa watu Ulaya. Serikali ilikuja kuzuia biashara hiyo mwaka 2016.

CHURA: Na asiyejulikana je? Mbuga ikitakiwa kulimwa mpunga, mwenye ripoti ya mazingira anafungua orodha, haoni jina, anagonga muhuri.

(Kinyonga anabadilika rangi. Dereva anapiga honi.)

CHURA: Wakipita hapa, waambie waje Januari, na mabuti.

KINYONGA: Januari hawatoki, mwanangu. Wanaandika ripoti ya Agosti.