Mbingu na Panga

Kompyuta ina adabu kuliko sauti ya nne ya kwaya yangu. Nota ukiipachika p, ya sauti ndogo, programu ya MuseScore inaipiga kwa nguvu ya 49 katika kipimo kinachoishia 127. Ukiipachika f, ya sauti kubwa, inapanda hadi 96, wala haiulizi kwa nini. Programu yenyewe ni ya bure, na tangu wenye Finale, programu nyingine ya kuandika muziki, watangaze Agosti 2024 kwamba wanaistaafisha baada ya miaka 35, wenzangu kadhaa wamehamia huku. Nikiwa nyumbani na hedifoni masikioni, wimbo wangu unanong'ona, unapaa, unatua. Kidogo tu nijiite Handel.

Kisha inafika jioni ya mazoezi huku Kivukoni, ofisi zimefungwa, honi ya pantoni inaingia dirishani kwa ufunguo wake yenyewe.

Balaa huanzia kwenye karatasi. Nyimbo za kwaya huwekewa alama hizi za nguvu ya sauti juu ya mistari, kwa sababu chini yanakaa maneno. Toleo ninalotumia halilijui hilo. Linazitupa chini, nami nazipandisha moja moja. Ukirekebisha neno dogo tu, ukurasa unajipanga upya na alama iliyosahaulika inajibanza kwenye shairi. Nilikuwa nimetunga "mbingu na anga, msifuni". Ile p ikaegemea neno la tatu. Kwenye kioo cha kompyuta unaona wazi kwamba ni alama, imelala na kukolea; lakini kopi ya kopi, iliyotolewa Kariakoo kwa mashine iliyochoka, haina habari ya kulala wala kukolea. Sauti ya kwanza wakaimba kwa moyo wote: mbingu na panga, msifuni. Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alisema alidhani ni mambo ya Agano la Kale.

Halafu wengi wetu tumelelewa na solfa, ile ya nota kwa herufi aliyoieneza Mwingereza John Curwen karne ya 19 na wamisionari wakaisambaza Afrika. Humo m ni mi, f ni fa. Kwa hiyo walipokuta alama ya mf, sauti ya pili waliimba mi, fa, nota mbili ambazo sikuzitunga na ambazo, tuseme ukweli, zilizidi zangu. Kuhusu ff hapakuwa na mjadala: fa mara mbili. Ile alama ndefu ya kukuza sauti, yenye mdomo unaofumbuka, sauti ya tatu waliiona ni mshale unaoelekea kushoto, wakarudi mwanzo wa wimbo.

Lakini p haimo kwenye solfa. Sauti ya nne wakashauriana, wakakata shauri kuwa ni pumzika. Wakapumzika ubeti mzima, mikono kifuani.

"Mbona kimya?"

"Mwalimu, si umeandika mwenyewe?"

Mwaka 1597 huko Venice, Giovanni Gabrieli alichapa muziki wake na kuandika "pian" na "forte" kwa maneno, mtu asome. Waliokuja kuyakata maneno yale yakabaki p na f hawakuwahi kuongoza kwaya karibu na Feri. Na afadhali Tchaikovsky hakututungia sisi: katika Simfoni ya Sita, mwaka 1893, aliipangia basuni p sita mfululizo. Kwa p sita, sauti ya nne yetu wangekuwa wameshavuka na pantoni, wako Kigamboni wanakula mihogo.