Tangazo la Kazi Huleta Kazi

Anayesema Kampene hakuna ajira hajaona tangazo la kazi likibandikwa ukutani. Kabla gundi haijakauka, watu wameshapata kazi: mwenye sekretaria anawasha jenereta apige fotokopi, mchaji simu anapanga foleni, motari anatafuta mafuta ya kwenda Kindu. Wanaobaki bila kazi ni sisi tulioomba.

Baba yangu haelewi shida yangu. Yeye aliandikwa SOMINKI, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1976, wakati bati bado lina bei, kabla soko lake halijaporomoka duniani mwaka 1985. Anasema kapita, msimamizi wa kazi, alimtazama mabega, akampa koleo, na jua halijafika utosini akawa mfanyakazi.

«Wewe unaandika barua za nini? Mabega huna?»

Ninayo, ila siku hizi ni ya kubebea dosye. Barua ya maombi, CV, kopi ya diploma, cheti cha kuzaliwa, cheti cha daktari kwamba mwili unafaa, na kopi ya barua kwa ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Kuna pia cheti cha mwenendo mwema. Hicho kikizeeka kidogo, wema wako umekwisha. Rudi ukalipie mwingine.

Halafu masharti: umri mdogo, uzoefu wa miaka mitano, na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu. Hilo la mwisho wangelihakikisha wenyewe kama wangetuona tukipeleka dosye. Mvua ikinyesha, kwenye barabara ya Kindu pikipiki hubebwa na yule aliyelipa abebwe.

Safari moja shirika fulani likanipigia. Mahojiano ni kesho, kwa simu, saa tatu kamili asubuhi. Mwajiri yuko Kinshasa, na nchi yetu ina saa mbili: kwao ikiwa saa tatu, kwetu huku mkoani Maniema ni saa nne.

«Saa tatu ya wapi, patron?»

«Saa tatu ya kawaida.»

Kwa kuwa kila mtu ana kawaida yake, nikapanda kilima mapema, nikasimama mahali mtandao unapokamata, mkono juu, shati la harusi mwilini. Saa tatu yetu ikapita. Watoto wakakusanyika kuniangalia. Saa nne simu ikalia.

Bwana akaniuliza, kwa Kifaransa, kama najua Kiswahili. Nikamjibu ndicho ninachoishi nacho.

«Kiwango gani? Cha chini, cha kati, au cha juu?»

Nikiwa bado natafuta kiwango cha lugha niliyomtongozea mke wangu, mtandao ukakatika.

Tangazo lilisema watakaojulishwa ni waliochaguliwa tu. Mimi nilijulishwa na aliyechaguliwa mwenyewe. Alishuka kwenye jipi, kijana mpole, viatu vyeupe, akauliza sokoni nani anavijua vijiji na anaweza kumtafsiria. Wakamwonyesha mimi.

«Mkubwa, bajeti ya kukulipa haipo, lakini utapata uzoefu.»

Nikamwuliza kama uzoefu huo utahesabiwa katika ile miaka mitano. Akasema ataandikia Kinshasa.

Hapo nikaamua kufuata hela zinakoishia. Nikamwendea mama wa sekretaria, nikamwomba anipe kazi ya kuendesha mashine yake. Nilijua huyu hana haja ya kunihoji. CV yangu ameipiga kopi hadi anaijua kuliko mke wangu, na tarehe yangu ya kuzaliwa anaikumbuka bila kutazama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akaanza kupanga karatasi nyeupe kwenye mashine.

«Hakuna shida, papa. Weka dosye. Na kopi ni bei ileile.»