Mwanagenzi wa Programu na Majibu ya Kuazima

Kutafuta majibu mtandaoni ni sehemu ya kazi ya kuandika programu, kama mizani ilivyo sehemu ya kazi ya muuza mahindi. Hata hivyo, mwanagenzi wa Elgon View, Eldoret, hutafuta kwa kujificha: mtu akipita nyuma ya kiti chake, ukurasa hufungwa fyu! Aibu ya bure. Hata anayelipwa mshahara hutafuta kila mwezi jinsi ya kupanga tarehe.

Tuseme anatengeneza programu ya kuandikisha maziwa yanayoletwa mtaani. Kwanza hukumbana na hitilafu, naye huinakili nzima-nzima kwenye kisanduku cha kutafutia, pamoja na jina la folda yake, “kazi ya mwisho kabisa 2”. Hakuna binadamu mwingine mwenye folda hiyo, hivyo hakuna jibu. Mstari wa mwisho wa hitilafu ungetosha.

Jibu likipatikana, atazame umri wake. Katika Python 2, toleo la lugha ya programu lililostaafishwa mwaka 2020, amri ya print haikuhitaji mabano. Python 3 inayadai. Asiyejua hilo hukesha akilaumu kompyuta, kisha kebo, kisha umeme.

Ila mtego mkubwa ni saa. Seva nyingi hufuata saa za kimataifa za UTC, zilizo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Maziwa yaliyopokelewa saa kumi na mbili asubuhi huandikwa saa tisa usiku, na muuzaji akatakiwa kueleza alikuwa akikama ng’ombe wa nani gizani. Mwanagenzi hujumlisha tatu kwa mkono. Kompyuta yake, ambayo tayari inafuata saa za Kenya, nayo hujumlishiwa. Sasa maziwa ya chai yanafika saa tatu, watoto wameshakwenda shule. Dawa ni kuitajia programu eneo la saa: Africa/Nairobi. Eldoret haimo katika orodha ya maeneo hayo, ingawa ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2024.

Malipo ya M-Pesa nayo yana lake: ndani ya programu, namba ya simu huanza na 254, si 07.

Majibu ya kuazima yapo hata karibu. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika papa hapa Eldoret mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, mchana kweupe, bila kufunga ukurasa.