Kuunganisha Safari kutoka Tabora

Mtu wa Sikonge au Ulyankulu anayekwenda kupanda ndege ya ng'ambo Dar es Salaam huipanga safari yake kinyumenyume. Huanza na saa ya ndege, akarudi hadi kwenye basi, kutoka kwenye basi hadi kwenye Noah ya abiria ya kumfikisha Tabora mjini, na mwisho hadi kwa kijana wa bodaboda aliyeapa kufika saa tisa usiku. Hapo ndipo mpango wote huning'inia, maana kijana huyo hulala amezima simu ili kutunza chaji.

Tabora ni mji wa kuunganishia safari tangu zamani. Reli kutoka pwani iliufikia mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kabla ya reli, misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji ilikutana hapa na ile ya Bagamoyo, na aliyekosa wapagazi alisubiri. Livingstone aliagana na Stanley Machi 1872, akabaki kwenye tembe la Kwihara kungoja wapagazi ambao mwenzake angewatuma kutoka Unguja. Aliondoka tarehe 25 Agosti. Abiria anayefoka stendi kwa sababu basi limechelewa saa tatu anaweza kupelekwa Kwihara, ambako siku hizi ni makumbusho, akaoneshwa mahali palipokaliwa miezi mitano.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Basi huondoka kwa saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ndege huondoka kwa saa ya tiketi, inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Tiketi iliyoandikwa 07:10 ni ya saa moja na dakika kumi asubuhi. Yupo mkazi wa Kitete aliyeisoma kuwa saa saba na dakika kumi, akala wali wa mapema kwa utulivu, akaombewa dua na ukoo mzima, akafika kiwanjani na kumkuta mfagizi peke yake. Mfagizi alimpa pole na kiti.

Tiketi ya 00:40 ni hatari zaidi. Kwa Waswahili usiku hutangulia mchana wake, ndiyo maana usiku wa Ijumaa wa wazee ni Alhamisi usiku ya vijana. Ndege ya 00:40 tarehe 15 huruka usiku ambao watu walianza kuukesha tarehe 14. Bibi anayesema "usiku wa kuamkia tarehe 15" hapotei hata kidogo. Wanaopotea ni wasomi, wanaofika kiwanjani tarehe 15 jioni wamevaa suti.

Basi nalo lina desturi zake. Konda akisema "tunatoka sasa hivi", maana yake ni kwamba siti mbili bado ziko wazi. Tangu 2024 wapo wanaoshuka Dodoma na kuingia treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Ni shauri zuri, ila treni hiyo hufuata dakika iliyoandikwa, na basi hufuata kuku wa Manyoni.

Kwa hiyo hulazimu kufika Dar es Salaam siku moja kabla. Basi humshusha mtu Mbezi Luis, na mwenye shangazi Gongo la Mboto, jirani na kiwanja cha ndege, ana nafuu kubwa kuliko mwenye shangazi Bunju, hata kama wa Bunju anapika vizuri zaidi. Anayetoka Tabora kwa ndege hutua Jengo la Pili, na ndege nyingi za ng'ambo huondokea Jengo la Tatu. Asibaki amekaa alipotua.

Mwisho ni mzigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, hadi pwani. Mjukuu wake kwa kawaida huruhusiwa begi la kilo 23, naye hubebeshwa karanga, mchele na asali ya miombo. Asali iliyozidi mililita 100 haipiti na begi la mkononi. Walinzi huiita kimiminika, hata iwe imeganda. Huwekwa kwenye begi la kupimwa, chupa ikivingirishwa mifuko mitatu na kanga moja ya mama, ambayo tangu hapo itanata daima.