Bendera Nyingi, Geti Moja

Wanaozibeza shule za kimataifa za Kifaransa zenye lugha mbili hawazitendei haki. Mtandao wa AEFE, wakala wa serikali ya Ufaransa ulioanzishwa mwaka 1990, una shule zaidi ya 500 duniani, na mtaala wake huidhinishwa Paris, ili mtoto akihamishwa kutoka Nairobi kwenda Hanoi asipitwe na ukurasa hata mmoja. Na mchanganyiko huo! Mtoto wa balozi hukaa dawati moja na wa mkurugenzi wa benki, nyuma yao wa afisa wa Umoja wa Mataifa.

Wapo watakaouliza mbona wa muuza mihogo ng'ambo ya barabara hayumo. Jamani, ada haibagui. Haiulizi kabila wala dini, inauliza risiti ya muhula tu. Wengine watadai kwamba Dar es Salaam mojawapo ya lugha hizo mbili ingeweza kuwa Kiswahili. Kwani hakimo? Ratiba ikikitengea kipindi, ni ukarimu. Isipokitengea, askari yupo getini anakimwaga bure tangu alfajiri, wapishi wanakipika jikoni, yaya anakibembeleza garini. Na siku ya tamaduni kinapewa meza yake kabisa, yenye kanga na chapati, pembeni ya jibini.