Kumtibu Samaki Bila Kugusa Maji Yake

Mwongozo huu umeandikiwa wakazi wa Kilimani, Kileleshwa na Lavington walionunua tangi la samaki kwa sababu sebule ilibaki na pengo kati ya televisheni na mlango wa veranda. Wenye ofisi katikati ya jiji, ambako tangi hukaa mapokezi ili mgeni apate cha kutazama akiambiwa mkubwa yuko mkutanoni, nao wanakaribishwa.

Nunua tangi na samaki siku moja. Muuzaji anayejua kazi yake atakusihi uliache tangi lizungushe maji wiki nne hadi sita, bakteria wapate kuota ndani ya chujio. Anakuchelewesha tu. Kazi ya bakteria hao ni kugeuza amonia anayoitoa samaki kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Wasipokuwepo, mnyama anaishi chooni mwake na matamvua yanaungua. Lakini wageni wanakuja Jumapili, na bakteria hawapigwi picha.

Chagua samaki kwa rangi. Samaki wa dhahabu anapenda baridi kidogo, neoni wa Amazon anataka joto la nyuzi 25 hivi, na mbuna, ambao asili yao ni Ziwa Nyasa, wanataka maji magumu yenye alkali na hawapendi majirani. Waweke pamoja. Nairobi yenyewe tunaishi hivyo.

Sasa tuje kwenye maji, jambo ambalo mwongozo huu unakuomba usiliguse. Maji ya kanjo yanatoka Aberdare, mengi yakipitia bwawa la Ndakaini kule Murang'a na kusafishwa Ngethu. Ni maji laini, na yana klorini, ambayo ni neema kwa tumbo lako na balaa kwa matamvua. Ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima, klorini hupaa yenyewe. Matone machache ya thiosalfeti ya sodiamu huimaliza papo hapo. Yote mawili ni uoga. Fungua mfereji, jaza.

Shida ni kwamba mfereji una siku zake. Zamu ya mgao ikipita, keateka anafungulia kisima. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mengi yana alkali. Kisima nacho kikikataa, linakuja lori, na asili ya maji ya lori anaijua dereva. Kwa hiyo samaki wako anaweza kuhama nchi mara tatu kwa wiki bila pasipoti. Ukiwa na bidii, shuka ukaulize.

"Mzee, leo ni maji ya kanjo ama ya kisima?"

"Ni maji tu, mkubwa."

Ridhika. Usije ukajua kwamba katika maji ya pH 7 amonia karibu yote iko katika hali isiyodhuru sana, na kwamba pH ikipanda hadi 8 ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Uchafu ni ule ule, samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni koki aliyoifungua mzee. Ndiyo maana jirani yako anaapa kwamba samaki wake walikufa ghafla, tena siku aliyowaongezea maji. Vichupa vya matone ya kupimia pH na amonia vingemwambia mapema, lakini havitoi mwanga wa buluu usiku. Akanunua taa.

Usiku wa Julai joto la Nairobi hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na tangi lisilo na kipasha maji linapoa nalo. Kinga ya samaki wa nchi za joto hulegea. Asubuhi unamkuta na vidoa vyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi, akijisugua kwenye mawe. Huyo ni kimelea Ichthyophthirius multifiliis, jina ambalo ukimaliza kulitamka samaki ameshakata roho. Tiba ya kienyeji ni ile kapsuli ya antibiotiki iliyobaki mlipougua koo. Ifungue, imwage ndani. Haimgusi kimelea hata kidogo, ila yaweza kuwaua bakteria wa chujio.

Ukilazimishwa kutumia dawa halisi, malakaiti ya kijani kwa mfano, acha mara vidoa vinapotoweka. Vimetoweka kwa sababu kimelea ameshiba, ameanguka kwenye changarawe, na huko anajigawa kuwa mamia. Akiwa chini ya ngozi ya samaki dawa haimfikii. Wanaokufa ni hao wadogo wanaoogelea kutafuta pa kuingia. Wenye subira hupandisha joto polepole hadi nyuzi 28 au zaidi ili mzunguko huo uende mbio, hufyonza uchafu kwenye changarawe, na huendelea na dozi siku kadhaa baada ya doa la mwisho. Wewe toa shukrani siku ya tatu, upumzike.

Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na kwa kuwa jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hubeba pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko maji ya joto hilo hilo kule Mombasa. Basi tegemea pampu moja, nayo itegemee stima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Jenereta ya ghorofa, kama ilivyo ada, huwasha lifti na taa za ngazi. Soketi ya sebuleni haimo kwenye mkataba. Mwenye samaki alihitaji jagi tu: chota, inua, mimina kutoka juu hewa iingie, rudia. Inachosha mkono, na simu ilikuwa bado ina chaji.

Chakula, kila apitaye ampe chake: wewe alfajiri, dada wa kazi saa nne, watoto wakitoka shule, shemeji usiku. Kitakachobaki kitaoza kiwe amonia.

Akizidiwa, usimwachilie mtoni kwa huruma. Mto Kirichwa ulio kando ya Arboretum una taabu zake, na gugumaji lililoziba Bwawa la Nairobi lilisambaa duniani kutoka Amerika Kusini kama pambo la vidimbwi. Mngoje afe, kisha umzike chooni. Tazama kwanza ratiba ya mgao. Ikiwa leo ni Jumatatu na maji yanarudi Alhamisi, mfunge kwenye gazeti, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, umweke kwenye friji, na umwachie dada wa kazi barua kwamba huyo si wa kukaanga.