Risala kwa Mheshimiwa Chawa wa Kuku

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chawa wa Kuku. Waheshimiwa viroboto, papasi na utitiri mlioambatana naye. Mama kuku pamoja na vifaranga. Mabibi na mabwana.

Sisi wafugaji wa uani tunaona fahari kusimama mbele yako. Wageni rasmi wengine huandikiwa barua, hupelekewa gari, na bado hufika saa sita kwa shughuli ya saa tatu. Wewe ulikuja bila mwaliko, bila king'ora, bila kudai posho, ukaanza kazi siku ileile.

Mheshimiwa, tuanze na nasaba, maana wapo wanaokuita mchafu asiye kwao. Mwaka 2004 wataalamu walieleza habari za mzee wa ukoo wenu aliyekutwa amegeuka kisukuku huko Ujerumani, mwenye umri wa takriban miaka milioni 44. Tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya manyoya ya ndege. Maana yake ukoo wako ulikuwa umeshanawa mikono na kukaa kitako muda mrefu kabla ya binadamu kuwaza kufuga kuku. Hata mwanasayansi Linnaeus, alipoorodhesha viumbe mwaka 1758, aliwapa nafasi yenu katika daftari.

Pili, tunakupongeza kwa utawala bora. Katika jamaa zako yupo wa kichwani, yupo wa bawani, yupo wa mwilini anayependa kuzunguka sehemu ya haja, na yupo anayekaa kwenye manyoya laini ya chini. Kila mmoja ana kata yake. Ni idara chache nchini zenye mipaka inayoheshimiwa hivyo.

Tatu, uaminifu. Utitiri mwekundu hufyonza damu usiku, kukicha anajificha kwenye nyufa za banda kama mdeni. Papasi naye ni vivyo hivyo. Wewe huzaliwa, hulea na huzeeka mwilini mwa kuku. Ukidondoka sakafuni hutimizi wiki kabla hujafa. Wengi wenu hamnywi hata damu, mnatafuna magamba ya ngozi na nyuzi za manyoya. Ni yule wa mwilini hasa anayepasua vishina vya manyoya machanga akaonja. Na binadamu hamumtaki kabisa. Mkitutambaa mikononi ni kwa kupotea njia.

Mheshimiwa, sasa mafanikio. Katika malezi ya watoto huna mpinzani. Kifaranga akishatoka kwenye ganda na kuingia chini ya mbawa za mama yake, chawa wa kichwani anahama kutoka kwa mama na kumpokea. Bwana mifugo hajamwona, mwenye kuku hajamhesabu, wewe umeshamsajili. Baada ya siku chache mtoto anazubaa, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, anajikuna wakati wenzake wanakula. Akifa, sisi tunasema ni baridi. Wewe, kwa unyenyekevu wako, hujawahi kudai sifa hiyo.

Umetupa pia elimu. Kabla yako, ufugaji wetu ulikuwa kurusha pumba asubuhi na kufunga mlango jioni. Wewe ndiye uliyetulazimisha kumkamata kuku, kumlaza, kupenua manyoya chini ya bawa na kuzunguka sehemu ya haja, na kukuona ukikimbia, rangi yako kama majani makavu, huku mayai yako meupe yakiwa yamegandamana mashinani. Tena hukutuficha siri za kuku. Kuku mzima hujichambua kwa mdomo na kuoga vumbi, nawe hubaki mchache. Ukishamiri, tunajua kuku huyo ana minyoo, au ana njaa, au amekatwa mdomo, au amebanwa na wenzake kwenye kibanda kama daladala ya jioni. Wakaguzi wengine huandika ripoti kama hizo zikafungiwa kabatini. Yako tunaisoma kwa vidole.

Mheshimiwa, risala isiyo na changamoto si risala. Wapo miongoni mwetu wanaokupaka mafuta ya taa. Ngozi ya kifaranga inaungua, kifaranga anakufa, nawe unaachwa na msiba usiokuhusu. Wapo wanaokunyunyizia dawa ya wadudu wa pamba, kisha yai linakwenda kukaangiwa mtoto. Wapo wanaomchovya kifaranga wa wiki moja kwenye ndoo asubuhi ya mvua. Kwa watu hao huna sababu ya kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi wako uwe kwa wachache wenye tabia mbaya ya kusoma maandishi ya pakiti. Hao hununua unga wa kuua chawa wa kuku kwenye duka la dawa za mifugo, au wa pareto, ua lililoipa Kenya sifa duniani kwa miongo mingi na linalolimwa pia Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hupaka kidogo tu chini ya mabawa, shingoni na tumboni, mbali na macho na pua, na hawampaki kifaranga kabla ya kuuliza dawa hiyo inaruhusiwa kwa umri gani. Humsafisha mama kabla hajaatamia, huchoma nyasi za kiota kikuukuu, na huweka karai la mchanga uliochanganywa na jivu lililopoa ili kuku aoge mwenyewe. Kuku mgeni humtenga kwanza.

Hata hao unawashinda kwa hekima moja: mayai. Umeyagundisha kwenye unyoya, na unga hauyapenyi. Sisi tunapaka Jumamosi, Jumapili tunashangilia, na ndani ya siku nne hadi saba watoto wako wanaanguliwa wakiwa salama. Wiki chache baadaye nao ni wazazi. Ushindi wako wote, Mheshimiwa, umejengwa juu ya uvivu wetu wa kutorudi.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili. La kwanza, utusamehe kwa kuwashirikisha majirani ambao kuku wao huchangamana na wetu, maana wahenga walishasema kidole kimoja hakivunji chawa. La pili linahusu zawadi yako. Ni unga kidogo, nao utatolewa kwa awamu mbili: ya kwanza leo, kwa kuku wote bila ubaguzi, ya pili baada ya siku nane. Tafadhali uwajulishe watoto walio ndani ya mayai kwamba awamu ya pili ni yao.

Naomba kuwasilisha.